Njia Zote Zinakwenda kwa Subilaga

Atuganile anasinzia akiwa amekaa. Hakukusudia. Ametoka kanisani mchana huu wa Jumapili, hata gauni hajabadilisha, amemgeuza mumewe ubavu wa pili kama walivyoagizwa hospitali, amemkanda kwa mafuta ile miguu isiyosikia mafuta wala mkono, kisha ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda na kuegemeza kichwa ukutani, na mvua ya Tukuyu inapiga bati polepole kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Kilichomchosha si kazi. Ni alichokiona kanisani. Gwamaka ametembea. Gwamaka, mume wa Subilaga, aliyekuwa kwenye lori lile lile la majani ya chai lililopinduka mteremkoni, lile lile lililomvunja mgongo Ambokile, mume wake yeye. Waliombewa siku moja mbele ya madhabahu moja, mchungaji akiwataja kwa pumzi moja. Na leo Gwamaka amepita katikati ya viti kwa miguu yake mwenyewe, akiegemea fimbo, vigelegele vikapigwa, Subilaga akalia hadi kilemba kikamdondoka, kwaya ya akina mama ikaanza kuimba, na Atuganile, anayesimama bega kwa bega na Subilaga katika sauti ya pili tangu wakiwa wasichana, akafungua kinywa na sauti isitoke. Walipotawanyika Subilaga alimfuata nje, akamshika mkono, akasema, dada, nitakuja kwako leo. Atuganile akauchomoa mkono taratibu, kama mtu anayejinasua kwenye miiba. Usije, akasema, Ambokile anahitaji kupumzika. Alipofika nyumbani Ambokile alimuuliza kabla hajaweka Biblia mezani, ametembea? Ametembea. Ambokile akacheka, furaha ya kweli kabisa, akasema, Bwana asifiwe, sasa nitapata mtu wa kunisimulia habari za huko nje. Kicheko hicho ndicho kilichomuuma Atuganile kuliko yote.

Anafumba macho, na ukuta alioegemea unarudi nyuma. Hauanguki, unarudi tu, kama mtu anayempisha mwenzake njiani, na Atuganile anajikuta amesimama barabarani, udongo mwekundu umelowa, na mbele yake barabara zinatoka kama nyuzi za mkeka uliofumuka, nyingine zinapanda, nyingine zinashuka, zote zinapotelea kwenye ukungu. Nyuma yake kipo kitanda, na juu ya kitanda yupo Ambokile amejifunika blanketi, macho wazi, wala hashangai. Kitanda kimefungwa kamba, na ncha ya kamba i mkononi mwa Atuganile. Anaelewa bila kuambiwa kwamba anampeleka mumewe kwa Bwana, na kwamba Bwana yuko katika nyumba fulani mwisho wa mojawapo ya barabara hizi. Anavuta. Matendegu yanachora matope. Anavuta kupita mashamba ya chai ambayo vichaka vyake vinahama kila anapogeuza shingo, anavuka mto ambao maji yake yanapanda mlima, na barabara inapofika mwisho, nyumba iliyoko pale ni nyumba ya Subilaga. Anaijua, bati la bluu, migomba mitatu ubavuni. Dirishani anamwona Gwamaka anatembea, kutoka mezani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi mezani, anatembea bila sababu, kwa raha ya kutembea. Atuganile anang'ata mdomo, anageuza kitanda, anashika barabara nyingine. Hii inapita kwenye daraja, inaingia msituni, inatokea upande wa pili, na mwisho wake ni bati la bluu na migomba mitatu, na Gwamaka anatembea. Anashika nyingine. Anashika nyingine tena. Mabega yanawaka moto, na kila barabara, iwe ndefu iwe fupi, inamrudisha dirishani kwa Subilaga.

Kwenye njia panda amesimama mtu mwenye joho la kwaya, jeupe, lenye ukosi wa zambarau, na mahali pa uso wake pako laini kama yai. Atuganile haogopi, amechoka mno kuogopa. Shikamoo, anasema, kwa sababu hajui umri wa mtu asiye na uso. Marahaba, anasema yule. Barabara ya kwenda kwa Bwana ni ipi? Unayokanyaga. Hii inakwenda kwa Subilaga. Barabara inakwenda anakotazama anayeitembea, anasema yule, na kabla Atuganile hajauliza maana yake, joho limebaki limesimama peke yake bila mtu, kisha nalo limekuwa ukungu. Atuganile anavuta tena, na sasa barabara inaingia mjini. Ni Tukuyu na si Tukuyu. Maduka ni yale yale, stendi ni ile ile, lakini kuta zote ni vioo, na katika kila kioo hajioni yeye, anamwona Subilaga. Subilaga anamfunga Gwamaka kamba za viatu. Subilaga anamwambia Gwamaka nenda kanichotee maji, halafu Gwamaka anakwenda. Subilaga analala usiku kucha bila kuamka kumgeuza mtu. Atuganile anaokota jiwe na kulivurumisha, kioo kinapasuka, na kila kipande kilichoanguka chini kina Subilaga wake mdogo, anacheka. Nimekosa nini mimi? anauliza Atuganile, na mji mzima unamrudishia, mimi, mimi, mimi. Nani alifagia kanisa wakati Subilaga anakwenda harusini? Nani alifunga, nani alikesha? Mimi, unasema mji.

Mbele ya kioo cha mwisho amesimama mwingine asiye na uso, huyu amevaa koti la mvua kama la wachuma chai, na pembeni yake kuna kitanda kitupu kimetandikwa shuka safi. Mama, anasema kwa upole, umevuta vya kutosha. Kitanda hiki kinataka mtu. Taja jina la mtu alale hapa, na wako atasimama. Jina lolote? Lolote, lakini unalo moja tu, na limeshafika mdomoni. Atuganile anatazama kioo. Gwamaka anatembea. Anatazama shuka safi, na kinachompanda moyoni anakijua, si hasira, hasira ingekuwa afadhali. Anataka. Anataka Subilaga ajue uzito wa mguu usiojibu. Anataka Subilaga aimbiwe pole badala ya vigelegele. Gwa, anasema, na katika kioo goti la Gwamaka linakunjika, anashika meza, Subilaga anageuka upesi, na Ambokile, kitandani nyuma ya Atuganile, anasema kwa sauti yake ile ile ya kila siku, Atu, unamwita nani? Mtu wa koti anasubiri. Malizia, mama. Atu, anasema Ambokile tena, kama ni Gwamaka unamwita, mwache, siku ile mgongo wake ulinikinga nisiangukiwe na magunia yote. Na Atuganile anakumbuka kwamba alishaambiwa habari hii hospitalini, akaisikia, akaisahau kwa makusudi.

Anapiga magoti kwenye matope ya mji ule wa vioo. Hatafuti maneno mazuri, maneno mazuri yote aliyamaliza kwenye mikesha. Bwana, anasema, nina wivu. Namwonea wivu mwenzangu tuliyekua naye. Nilikuwa namtaja kwenye maombi yangu kumbe napima, chake na changu. Hata wewe nimekuchukia, kwa kuwa ulipita kwangu ukaingia kwake. Siwezi kuutoa wivu huu, nimejaribu, uko huku ndani kama jino. Wala sina nguvu tena, Bwana, mikono hii imekwisha. Nipe nguvu ya leo tu. Anasubiri radi, au aibu. Haji mtu kumkemea. Kinachotokea ni kidogo sana, ni kwamba shingo yake, iliyokuwa imekakamaa upande mmoja kwa kutazama vioo, inalegea, na anatazama mbele. Mtu wa koti anaondoka na kitanda chake kitupu, anakiburuza. Goti la Gwamaka linanyooka. Na mbele, pale palipokuwa na ukuta, kuna barabara fupi kabisa, na mwisho wake nyumba ya udongo ambayo hajawahi kuiona, imezungukwa na umati wa watu waliompa mgongo.

Nyumba haina mlango. Anaizunguka na kitanda chake, anaomba njia, migongo haisogei. Mlango uko wapi? anamuuliza mtu wa karibu, na yule, bila kugeuka, anasema, kwa anayekuja na wenzake uko juu, kwa anayekuja peke yake haupo. Atuganile anatazama paa, anatazama kamba, anakaa kwenye ukingo wa kitanda, miguuni pa mumewe. Ndipo watu watatu wanatoka ukunguni wamejitanda khanga vichwani, hawana nyuso, kila mmoja anashika tendegu lake bila kuulizwa. Mmoja wao, aliye upande wake, anaimba kwa kinywa kilichofumbwa, chini chini, sauti ya pili, na Atuganile anaijua sauti ile kama anavyojua kupumua kwake. Moyo unarudi nyuma. Anaweza kusema usije. Neno liko pale pale lilipokuwa mchana. Badala yake anainama, anashika tendegu la nne, anasema, twende, na wanapanda. Namna wanavyopanda haijui, ngazi haipo, lakini kitanda kinapanda, wanafika juu, wanabandua nyasi na udongo kwa mikono, shimo linafunguka, na wanateremsha kamba polepole, na Ambokile anazama ndani ya nuru na vumbi hadi haonekani.

Kamba inatulia. Atuganile anainama kwenye shimo. Haoni uso, vumbi ni jingi, anaona mikono tu imenyooshwa kupokea, mikono ya mtu wa kazi. Bwana, anaita, utamsimamisha? Sauti, si kubwa, inasema, usiiachie kamba. Mpaka lini? Na sauti inasema, nami nimeishika huku chini. Atuganile anavuta kidogo, kama anayejaribu, na kutoka chini anavutwa kidogo, kama anayejibiwa, na uzito ni ule ule lakini hauko kwake peke yake, na analia, na yule aliye kando yake anaendelea kuimba, na paa linaanza kulia pia, linapiga, linapiga, linasema hodi.

Hodi. Ni mlango. Mvua imekatika, jua limeingia chumbani, na mlangoni wamesimama watu watatu, jua liko nyuma yao na nyuso hazionekani. Atuganile ananyanyuka kwenye kigoda, ganzi imemshika viganja. Anamtazama Ambokile. Miguu imelala kama alivyoilaza. Najua ulisema nisije, anasema aliye mbele, na ni sauti ya Subilaga, au ni yule wa juu ya paa. Nimemchukua Gwamaka na jirani yako Mama Sekela, tumtoe shemeji nje, hajaona jua tangu arudi kutoka hospitali. Atuganile anasogea karibu kutafuta uso, na uso unakuja polepole kutoka kwenye giza la kilemba, macho mekundu, machozi ya mchana hayajafutika vizuri. Nilikuonea wivu, anasema Atuganile. Bado naona. Subilaga anavuta pumzi. Najua, dada, anasema, mkono ulivyoutoa nilijua. Mimi ningekuwa wewe hata kanisani nisingekuja. Hakuna anayemkumbatia mwenzake, Atuganile anapisha mlangoni. Pita, anasema. Shika huku kichwani, ni kuzito. Gwamaka anaweka fimbo chini na kushika upande wa miguu kwa mkono mmoja, anahema, Mama Sekela anashika upande mwingine, na kitanda kinainuka, kinapita mlangoni kwa kubanwa, kinatoka uani, ambako matone bado yanadondoka kutoka kwenye bati na ukungu unapanda kutoka mashambani, na barabara iliyo mbele ya nyumba inaingia kwenye ukungu ule na mwisho wake hauonekani. Wanakitua juani. Ambokile anafumba macho, tone linamdondokea shavuni, halifuti. Atuganile anainama sikioni pake, wengine wasisikie. Baba, anasema, nimeamka, au bado nimelala? Ambokile anafikiri, kama mtu aliyeulizwa jambo la maana. Mimi sijui, anasema. Ila nipo nje.