Kipimo cha Kidole Gumba

Kosa langu lilikuwa kuanza na neno lenyewe. Ningeanza na kidole, au na ile swichi ya ukutani, pengine mambo yasingefika yalikofika. Lakini nikiwa na aibu husema haraka haraka ili nimalize nikae kimya. Jioni ile niliingia ndani na mtoto mgongoni, nikamkuta mume wangu anakula, nikasema, "Daktari anataka damu yako. Ya DNA."

Kijiko kikasimama hewani.

Wifi yangu, aliyekuwa mlangoni anapaka rangi kucha zake, akageuka taratibu. "Haya," akasema. "Ya leo kali."

Mtoto wetu alizaliwa na vidole gumba viwili kwenye mkono wa kulia. Daktari wa upasuaji alisema kimoja kitaondolewa akikua kidogo, ila kwanza nionane na mwenzake anayeshughulika na mambo ya kurithi. Huyo alikuwa mwanamke mpole, na nadhani alinihurumia alipoona naitikia kila kitu kwa kichwa. Aliniambia ndani ya mwili mna uzi mrefu sana uitwao DNA, ulioandikwa kama kwa herufi, na kwenye uzi huo mna vipande vinavyoitwa jeni, ambavyo ndivyo vinavyotoa maagizo ya kuutengeneza mwili. Lakini jeni ni sehemu ndogo tu ya uzi. Kati ya jeni na jeni kuna mapengo marefu, na zamani wataalamu waliyaita takataka kwa sababu hawakuona kazi yake.

"Mengi mpaka leo hatujui kama yana kazi," alisema, "lakini humo humo mna swichi." Akanyanyuka, akazima taa ya chumba, akaiwasha. "Jeni ni kama taa: taa iko pale juu, swichi iko huku mlangoni. Mwanao taa yake ni nzima. Swichi ndiyo ina herufi moja iliyobadilika, basi inawasha na mahali pasipotakiwa."

Akasema swichi hiyo ni ya zamani mno. Samaki wanayo kwa ajili ya mapezi, panya wanayo, na ya nyoka iliharibika kidogo kidogo mpaka miguu ikapotea. Damu yangu ilikuwa imeshapimwa, haikuwa na badiliko hilo. Sasa alitaka ya baba, na ya bibi wa mtoto upande wa baba, ajue limerithiwa au limeanza kwa mtoto mwenyewe, ili atushauri kuhusu watoto watakaofuata.

Nilielewa yote. Njiani nilikuwa nayarudia kimoyomoyo. Nilipofika nyumbani likabaki neno moja.

"DNA ya nini?" mume wangu akauliza.

"Wanataka kujua limetoka wapi."

"Nani katoka wapi?"

"Badiliko. Yangu wameshapima, haina kitu. Imebaki yako."

Wifi akacheka mpaka akaharibu ukucha. "Sasa wifi, mama apimwe ili iweje? Mimba si kaibeba mwenyewe? Anayepimwa ni baba."

"Siyo hivyo. Ni swichi. Hata nyoka..."

"Na nyoka naye kaingiaje humu ndani?"

Mume wangu hakucheka. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache, na akikasirika hupunguza hata hayo. Alisukuma sahani, akatoka. Aliporudi alivuta godoro, akalilaza sebuleni.

Mama mkwe alikuwepo muda wote, hakusema kitu. Hilo lilinishangaza, maana yeye hata nikichelewa kufagia ana hotuba.

Kesho yake bombani walikuwa wameshajua. Kazini, kwenye duka la dobi ninakopiga pasi, tajiri wangu aliniuliza mbele ya wateja, "Dada, nasikia kwenu mnatafuta baba." Wateja wakayatazama mashati yao. Mimi nikaunguza kola.

Asubuhi iliyofuata tulibaki wawili, mimi na mama mkwe. Alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni.

"Huyo daktari wako," akasema bila kunitazama, "kasema mtu akizaliwa nacho, kikakatwa, bado anakirithisha?"

"Nadhani ndiyo, mama. Ukiitoa balbu, swichi inabaki ukutani."

Akajifuta mkono, akanigeuzia. Pembeni ya kidole gumba palikuwa na kovu dogo kama punje ya mchele.

"Bibi yangu alikifunga uzi mpaka kikadondoka. Lakini nilishakuwa mkubwa, shuleni walishaniita Kaa, kwa ajili ya gando hilo. Baba mkwe wako alikufa akijua niliungua."

Nilitazama chini. Alikuwa ameniacha nichekwe hali anajua, lakini hasira sikuiona. Nilijisikia kama nimefungua mlango nikamkuta mtu mzima anaoga.

"Watoto wangu hawajui," akasema. "Si ungesema tu limetoka kwenu?"

"Ndiyo, mama."

Ndivyo ninavyomjibu akinituma chochote. Nilikuwa naanika nepi ndipo nikaelewa nimeitikia nini.

Jioni mume wangu alirudi mapema, hakukaa. "Kesho naenda kupima, nijue moja. Kama si wangu, utarudi naye kwenu."

Wifi naye safari hii hakucheka. Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto.

"Daktari alikosea," nikaanza. Sauti yangu hata mimi niliisikia kwa shida. "Limetoka kwetu."

"Juzi ulisema yako haina kitu."

Uso uliniwaka kana kwamba kweli nimefanya hilo wanalonidhania.

"Mwache," mama mkwe akasema. Akamkabidhi wifi mtoto, akasimama chini ya taa, akamnyooshea mwanawe mkono. "Limetoka kwangu. Likapita kwako bila kukugusa vidole, likamkuta huyu."

"Hilo si kovu la moto?"

"Nilikudanganya. Na baba yako nilimdanganya." Akamgeukia wifi. "Na wewe kesho bombani ukaliseme na hili, kwa sauti ile ile."

Wifi akaziangalia kucha zake.

Mume wangu aliushika mkono wa mama yake, akaugeuzageuza kwenye mwanga, kisha akaushika wa mtoto. Baadaye kidogo akalibeba godoro kulirudisha chumbani, na aliponifikia akasema, "Pole."

"Asante," nikajibu, kama vile amenipisha mlangoni.

"Huyo daktari kesho yupo?"

"Yupo."

"Basi twende wote, na mama."

Mama mkwe alikuwa ameketi tena, ameuficha mkono ndani ya nguo za mtoto. Nilitaka kumshukuru, nikashindwa, maana kumshukuru kulikuwa ni kumkumbusha kwamba ameonekana. Nikamtengea maji ya kuoga, nikatoka nje.