Gogo Lisilokwisha

Mtu asiyeijua kazi yetu akichungulia karakanani angedhani tunafunga zawadi ya jitu. Bomba la shaba linalazwa kwenye mashine, linazungushwa, na karatasi pana inatoka kwenye roli lake na kujiviringisha juu yake. Kila baada ya mizunguko kadhaa unawekwa ukanda mwembamba wa alumini, halafu karatasi tena, halafu alumini tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka kile kibomba kinenepe kama paja la bondia. Sisi tuliliita gogo. Likishakauka tanurini na kunyweshwa mafuta linapachikwa kichwani mwa transfoma, na umeme mkubwa unapita katikati, kwenye shaba, bila kugusa bati la nje. Kinachouzuia ni karatasi tu. Umeme ule ni kama mgeni mkorofi: ukimwachia upenyo wa kupitisha kidole, kesho anahamishia kitanda.

Karatasi yenyewe ina maadui wawili. Wa kwanza ni unyevu, maana inakunywa kama mtu aliyefunga saumu kutwa, hata jasho la kiganja, hata pumzi yako. Ndiyo sababu ndani ya chumba cha kufungia tulivaa glovu, kofia na barakoa, na kuongea kulikuwa kwa lazima tu. Adui wa pili ni mkunjo. Mkunjo ukifunikwa, hewa inajificha mle ndani, na palipo na hewa umeme unaanza kutafuna kimyakimya kama mchwa. Unaweza usijue leo. Utajua siku transfoma itakapolipuka na mji mzima ukalala gizani.

Mimi kazi yangu ilikuwa tanuri. Waliofunga walikuwa wawili, mtu na mkewe. Mume alisimama nyuma ya mashine, mguu kwenye pedali na mkono kwenye breki ya kuvutia karatasi. Tulimwita Redio, na mkizima umeme alikuwa anaendelea kwa betri. Mke alisimama mbele, akiilainisha karatasi kwa viganja na kuilaza alumini. Yeye tulimwita Mama Pasi. Nimezunguka sana duniani na sijaona mikono kama ile. Alikuwa akipapasa karatasi akiwa na glovu na kukuambia palipo na unywele.

Palikuwa na desturi mbili ambazo hata mwenye karakana hakuzigusa. Ya kwanza, kabla ya kila ukanda wa alumini, aliyesimama nyuma aliuliza, "Imelala?" na wa mbele akajibu, "Imelala." Mmoja wao, yeyote, akisema "Haijalala," hapana mjadala, mashine inasimama na karatasi inafunguliwa kurudi nyuma mpaka mkunjo uonekane. Ya pili, mikono iliyoanza gogo ndiyo inayolimaliza. Kila mtu ana mvuto wake, na gogo lililofungwa na mikono tofauti ni sawa na wali uliopikwa na wakwe wawili.

Balaa lililetwa na wageni. Walikuja wanunuzi wa kampuni ya umeme, wamevalishwa kofia na barakoa, wakaingia, wakasimama kando kuangalia. Bosi, yaani msimamizi wetu, akamwomba Redio aeleze kidogo. Kumwomba Redio aeleze kidogo! Alieleza mpaka wageni wakaanza kubadilisha miguu ya kusimamia. Eti, "Mimi nafunga, mimi nalaza, mimi nahisi kwa vidole hivi." Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akauliza huyo dada wa mbele anafanya nini. Redio akasema, "Aa, huyo ananishikia karatasi."

Mama Pasi alikuwa amesimama pale pale, mikono imefungua karatasi kama mtu anayetandika kitanda cha mfalme. Wageni walipoondoka alivua glovu, akazikunja vizuri, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bosi kuomba ahamishiwe chumba cha kukatia mbao za kadibodi. Alisema huko nako watu wanashika karatasi, kwa hiyo ataiweza.

Bosi alijikuna kichwa. Gogo kubwa la wale wageni lilikuwa limeshaanzwa, na desturi ni desturi. Akamwambia amalize hilo, likiingia tanurini tu, ahame. Mama Pasi akakubali. Ila akaongeza sharti lake mwenyewe: na yule bwana hataongea naye, si kazini wala nyumbani. Ndipo nilipoitwa mimi, kwa kuwa tanuri lilikuwa tupu likingoja gogo, na mtu mwenye tanuri tupu hana sababu ya kukataa. Ukubwa jalala.

Nikawekwa katikati yao kwenye kigoda.

"Mzee," Redio alikuwa akiniambia, "muulize kama imelala."

Nami namgeukia Mama Pasi, aliye umbali wa mkono mmoja na aliyesikia kila kitu. "Anauliza kama imelala."

"Mwambie imelala."

"Anasema imelala."

"Mwambie asante."

"Asante yake abaki nayo," Mama Pasi alijibu. "Hiyo usimpelekee, Mzee, kaa nayo wewe."

Nyumbani, nilivyosimuliwa, mambo yalikuwa yale yale. Chakula kilipikwa, kikapakuliwa, kikafunikwa, kikanyamaziwa. Wakitaka kuambiana kitu waliwatuma watoto, mpaka yule mdogo akagoma na kusema yeye si simu. Redio alikonda. Mtu aliyezoea kumaliza siku nzima akizungumza na mke wake sasa alikuwa anaongea na mswaki.

Kumwomba radhi aliweza, ila kwa njia ya mzunguko. Alinitaka mimi nimwambie mkewe kwamba nimesikia watu wakisema kuwa Redio amesikika akisema kwamba labda siku ile alikuwa na homa. Nikamwambia ujumbe wa aina hiyo ukifika utakuwa umekufa njiani. Akasema basi nimwambie tu kuwa mambo ya wageni ni mambo ya biashara. Hilo nililifikisha. Mama Pasi akaniuliza kama na mimi nilikuwa na homa.

Gogo lilikuwa linanenepa. Kila tabaka lilivyoongezeka, uso wa Redio ulizidi kushuka. Alijua hesabu yake: gogo likiisha, mke anahamia upande wa pili wa ua, na huku nyuma ataletewa mtu mwingine wa mbele, na nyumbani kimya kitaota mizizi. Siku moja, ghafla, nikamsikia: "Mzee. Mwambie haijalala."

Mama Pasi akashtuka. Mkono wake ulikuwa umemwambia imelala. Lakini upande wa nyuma yeye hauoni, na desturi haina mjadala. Tukafungua. Tukarudi nyuma tabaka baada ya tabaka, karatasi ikakusanyika sakafuni kama nguo za harusi iliyovunjika. Mkunjo haukuonekana. Redio alisema pengine umejinyoosha wakati wa kufungua.

Kesho yake ikatokea tena, na siku iliyofuata. Asubuhi tunafunga, alasiri Redio anaona mkunjo, tunafungua. Bosi alipita akasimama mlangoni, akaliangalia gogo kama daktari anavyomwangalia mgonjwa asiyeeleweka.

"Hili gogo lina ugonjwa gani?" aliniuliza. "Juzi lilikuwa na mwili. Leo mbavu zinaonekana."

Nikamwambia mimi ni mtu wa tanuri. Lakini Bosi hakuwa mjinga. Alimwangalia Redio, akamwangalia Mama Pasi, akaliangalia rundo la karatasi sakafuni, akaelewa. Pale pale akatangaza kwamba kuanzia saa ile "haijalala" ya Redio haihesabiki. Ya Mama Pasi peke yake ndiyo itakayosimamisha mashine. Akasema wanunuzi wameshauliza mara nyingi kama tunafunga gogo au tunalifuga.

Basi gogo likaanza kunenepa bila kikwazo. Redio alikanyaga pedali kama mtu anayejichimbia kaburi. Ilipofika zamu ya matabaka ya mwisho mwisho, Mama Pasi alishaanza kuniuliza huko kwenye kadibodi kukoje, kama kuna dirisha, kama watu wake wana adabu. Aliniuliza kwa sauti ya kusikika. Nadhani ndipo hasira zilipompanda Redio, maana niliona mkono wake ukiikaza breki ghafla, kwa nguvu za mtu anayefunga mlango kwa kishindo. Karatasi ikanyanyuka upande wake, ikajikunja, na mzunguko uliofuata ukaumeza mkunjo. Kitendo cha kupepesa jicho.

Redio akatoa mguu kwenye pedali. Mashine ikasimama.

"Haijalala," akasema.

"Mwambie akanyage," Mama Pasi akaniambia.

"Mzee, mwambie hii ni kweli."

"Mwambie hata za jana zilikuwa kweli."

Mimi niliuona mkono ukivuta, lakini mkunjo sikuuona, na neno langu pale halikuwa na uzito. Redio alikuwa amebakiwa na njia mbili. Angekanyaga tu, gogo liishe, liende tanurini, pengine lipite hata majaribio, na siku moja huko liliko lianze kutafunwa ndani kwa ndani. Hakuna ambaye angejua. Au aseme, na kusema kwake hakuaminiki tena, kwa kuwa uongo alishautumia wote.

Aliachia breki. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukutani, mbali na karatasi, pumzi yake isiifikie. Akavuta barakoa chini ya kidevu. Hilo peke yake lilinifanya nisimame, maana mle ndani kuvua barakoa ilikuwa kama kuvua suruali.

"Mama watoto," akasema. Hakuniambia nimwambie. "Zile za nyuma zote zilikuwa uongo. Karatasi ilikuwa imelala vizuri. Nilikuwa nafungua ili gogo lisiishe, kwa sababu likiisha unakwenda. Hii ya leo ni ya kweli. Nimeikunja mwenyewe kwa hasira. Nimeuona ukimezwa lakini sasa siwezi kukuonyesha ulipo, mkono wangu haujui kitu. Mkono unaojua ni wako. Wale wageni niliwadanganya."

Halafu akanyamaza. Redio, akanyamaza mwenyewe bila kuzimwa.

Mama Pasi akaizunguka mashine, akaenda upande wa nyuma ambao hajaukanyaga tangu siku ya wageni, akaweka viganja vyote viwili juu ya gogo na kufumba macho. Akapapasa taratibu kama mama anayetafuta homa kwenye mgongo wa mtoto. Kidole kimoja kikasimama.

"Upo," akasema. Akamgeukia. "Vaa barakoa yako. Rudi kwenye pedali, rudisha nyuma, na usinivute vute, baba watoto, usije ukanichania."

Tulifungua. Na tulivyokuwa tunafungua, yale yote aliyoyahifadhi tangu siku ile yalitoka. Sitayaandika, mengine ni ya ndani ya nyumba. Yaliyonihusu ni kwamba barakoa yake ilikuwa inafutuka na kunywea kama kifua cha chura, na Redio alikuwa anaitikia "ndiyo" kwa kila tabaka, bila mkalimani. Mkunjo tuliukuta pale pale kidole kiliposimama, mdogo kama kovu la ndui. Tukaunyoosha, tukafunga upya, na safari hii gogo likaisha kweli.

Nikalipokea tanurini, nikalikausha, likanyweshwa mafuta, likapelekwa kwenye uzio wa majaribio. Umeme ukapandishwa, ukapandishwa tena. Gogo baya hulia, hutoa mlio kama mafuta ya kukaangia. Hili lilinyamaza kama mtu aliyeshiba.

Bosi, mtu wa ahadi, akamwita Mama Pasi na kumwambia meza yake kwenye kadibodi iko tayari, karibu na dirisha. Mama Pasi akauliza kama anaweza kubaki. Bosi akatabasamu, akasema hilo alilitarajia.

"Lakini pedali nachukua mimi," Mama Pasi akasema. "Yeye akae mbele."

Bosi akapunguza tabasamu, yaani akaacha kutabasamu. Akasema Redio hajawahi kulainisha karatasi maishani mwake. Mama Pasi akasema ndiyo hivyo, na kwamba pale ghalani kuna karatasi iliyopata unyevu, inangoja kutupwa, itamtosha kujifunzia. Bosi akaniangalia mimi, kana kwamba tanuri lina ushauri. Mwisho akakubali kwa muda.

Basi mngekuja muone maajabu. Redio mbele ya mashine, glovu zimembana, viganja juu ya karatasi mbovu, anatandika kitanda kisichotandikika. Kila alipolainisha huku, kule kunainuka kama mkate. Alumini ilimtoroka ikaangukia kiatu. Jasho likamtoka mpaka kofia ikageuka rangi, na maneno yakamwisha kabisa. Mama Pasi nyuma, mguu kwenye pedali, hana haraka. Alifungua na kufunga, akafungua na kufunga, na kila mara alimwambia kwa upole kwamba karatasi haisukumwi, inabembelezwa.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, nimesahau kuwa kazi ya ukalimani imeisha. Mama Pasi akaniona.

"Mzee, tanuri lako halina wa kulitazama?"

Nikasema lina. Nikainuka kwenda, na nilipofika mlangoni nikamsikia Redio akisema, taratibu, kama mtu anayeomba kupita, "Mke wangu, hebu njoo ushike hapa. Kuna kitu, ila sijui ni mkunjo au ni kidole changu."