Chumba cha Mita Elfu Nne na Mia Saba

Ijumaa ya kwanza ya Julai, baada ya kula, Hamoud alilisogeza sinia la pilau pembeni, akaiegemeza kompyuta kwenye birika la kahawa, na yeye na mkewe Nasriya wakakaa kuzungumza na kiongozi wao wa safari, aliyekuwa milimani Pamir, nchi ya Tajikistan. Nje, mtaa wao wote wa Madinat Sultan Qaboos ulikuwa unaungua kwa digrii arobaini na sita. Kiongozi alivaa koti la manyoya, pua imemwiva kwa baridi, na Kiarabu chake cha vitabuni kilinyooka kuliko cha Hamoud.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakafika kwenye siku za safari yenyewe, ya Agosti. Kiongozi alitaka siku kumi na saba: tisa za kutembea, nane za kukaa tu ili mwili uizoee hewa nyembamba. Hamoud alikuwa na likizo ya siku tisa, na mkubwa wake wizarani alishasema haongezi hata nusu.

"Basi mtaweka mtu," alisema kiongozi, kama anayezungumzia mahema. Wenye likizo fupi wote hufanya hivyo. Mtu wa nyumbani huzoea kwa niaba yao, wao wakaja na miguu tu. Alale pahala pa juu kabisa pa nyumba, na wenyewe wakishaanza kupanda, asishuke mpaka nao washuke.

Nasriya hakuona ajabu. "Hija yenyewe mtu huhijiwa," alisema, "seuze kuzoea baridi." Kisha wote wawili wakageuka kumtazama Mwanamize, mtumishi wao, aliyekuwa akikusanya sahani.

Mwanamize alikuwa mtu wa Pangani. Pahala pa juu kabisa alipopata kulala maishani mwake ni hicho chumba chake cha juu ya paa, kando ya matangi ya maji, ngazi ya vidato kumi na vinane kutoka jikoni. Tangu Ramadhani alikuwa ameahidiwa siku arobaini za mwezi wa Agosti, kwa sababu bintiye Shariffa alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa mama yake. Shariffa alikwishahamia katika nyumba ya mama yake, peke yake, anamngoja.

"Mama, Agosti si ndiyo likizo yangu?" aliuliza.

"Mimba za mwanzo huchelewa, Mwanamize. Sisi tarehe ishirini tumerudi, na wewe siku ya pili unakwenda zako. Nnakuahidi."

Mwanamize alizibeba sahani jikoni. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa ndani ya kasha la chuma la Hamoud, pamoja na dhahabu za Nasriya, ambako waliiweka isije ikapotea.

Chumba kilianza kupanda Jumapili iliyofuata. Kwa nje hakikusogea hata shubiri, na vidato vilibaki kumi na vinane. Ndani palikuwa mita elfu mbili, Jumatano elfu tatu, kwa mujibu wa ratiba aliyoituma kiongozi, ambayo Nasriya aliibandika kwenye friji. Kiyoyozi kilizimwa. Maji ya kutawadhia yaliganda ndooni. Wali aliojipikia Mwanamize huko juu ulichemka saa nzima na bado ukatoka na kiini. Rawan, binti wa nyumba hiyo mwenye miaka ishirini, akawa anapeleka soda zake kule zipate kupoa.

Kila asubuhi Nasriya alimbana Mwanamize kidole kwa kile kibanio cha kupimia hewa ya damu, akapiga picha na kumtumia kiongozi, naye akarudisha alama ya dole gumba. Midomo ya Mwanamize iligeuka rangi ya zambarau. Kichwa kilimgonga tangu alfajiri, na alitapika uji kabla haujafika tumboni vizuri. Saa kumi na mbili alishuka kwenye joto kupika na kufua, jioni akapanda tena kwenye baridi. Nasriya alimpa koti kuukuu la mumewe na chai ya tangawizi. Hakuwa mwanamke mbaya, na alikuwa wa kwanza kukwambia hivyo.

Hamoud naye akawa anapanda orofa sita za wizara bila hata kuhema. Wenzake wakamuuliza anafanya mazoezi wapi, akasema nyumbani.

Tarehe kumi na mbili Agosti waliondoka, yeye na Nasriya. Rawan alibaki na masomo yake. Kuanzia siku hiyo Mwanamize hakushuka. Chakula alikiweka Rawan kwenye kidato cha juu, na simu ya Mwanamize ikakaa jikoni, kwa kuwa chumbani haikushika. Kule Pamir, mita elfu nne na mia saba, hapakuwa na mnara.

Tarehe kumi na saba, saa tano asubuhi, Rawan alisimama chini ya ngazi akaita. "Mwanamize! Binti yako anapiga, mara ya sita hii!"

Mwanamize alishuka mbio. Alikaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji, akaiweka simu sikioni. Shariffa alikuwa chumbani Pangani, chupa imepasuka, mumewe yuko kazini Tanga, jirani amekimbia kutafuta pikipiki na hajarudi.

"Mama, naogopa. Usikate. Nisemeshe tu."

"Sikati, mwanangu. Niko hapa. Vuta pumzi, taratibu, hivyo hivyo."

Hazikupita dakika kumi, simu ya Rawan ikalia. Nasriya alikuwa anapiga kwa simu ya setilaiti, anapiga kelele dhidi ya upepo, naye pumzi zinamkatika. Hamoud ameanguka juu ya theluji, anatoa povu la damu, hamjui mtu. Kashuka? Mpandishe! Mpandishe saa hii hii!

"Mwanamize, panda!" Rawan alikuwa analia kikweli. "Wallahi baba anakufa! Yalla, panda!"

Hakuna aliyemgusa. Mwanamize aliinuka mwenyewe, simu sikioni, akaanza kupanda.

"Mama, unakwenda wapi? Nasikia unatembea."

"Siendi popote, mwanangu. Vuta pumzi."

Kwenye kidato cha kumi na moja sauti ilianza kukatika. Kwenye cha kumi na mbili alisikia bintiye akimwita mara moja tu, kisha hakusikia kitu. Aliendelea mpaka juu, akafunga mlango.

Kule kwenye theluji Hamoud alikaa kitako akaomba chai. Siku ya pili alivuka njia ya mlimani ya mita elfu tano na mia moja, na picha yake ya pale sasa imetundikwa sebuleni.

Mwanamize alishuka tarehe ishirini, akapiga Pangani. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, amezaliwa sakafuni. Shariffa alichanika vibaya, akapoteza damu nyingi, na jirani alimkuta hana fahamu, mtoto amelala katikati ya miguu yake. Mwanamize akamweleza yote: chumba, mita, damu ya Hamoud. Shariffa hakubisha hata neno. Mlima juu ya paa haukumshangaza.

"Na wewe nani alikuvuta mkono, mama?" aliuliza.

Mwanamize alisema mtandao haushiki vizuri. Alikuwa amesimama katikati ya jikoni. Tangu siku hiyo Shariffa hapokei simu ya mama yake.

Habari ya likizo Nasriya aliizungumza kwa upole. Alitaka kwanza yeye mwenyewe apumzike kidogo na safari, wiki zikapita, na baadaye akauliza arobaini ikishakwisha mtu anakwenda kulea nini. Mwanamize hakuitaja tena.

Mwezi wa Oktoba alikuja jirani, Bi Balqees, kunywa kahawa. Mumewe alikuwa na siku kumi tu, na mlima waliouchagua wao ulikuwa Nepal. Nasriya alisema yeye hana neno, chumba kipo. Balqees akaona ni adabu kumuuliza mwenyewe.

"Utaziweza mita elfu sita, Mwanamize?"

"Simu inashika huko juu?"

"Wapi! Haishiki kabisa."

"Basi sawa," alisema Mwanamize, akaondoa vikombe.