Kilomita Moja ya Siri

Kidoti chekundu kwenye ramani kilifika darajani saa tisa na dakika kumi alasiri, kikapotea. Noeline akabandika birika jikoni, maana ndivyo walivyozoea: kidoti kikipotea pale darajani, Bevan amebakiza kilomita moja tu, na chai ikiiva utasikia breki zake zinalia mlangoni. Miezi mitano mambo yamekwenda hivyo, wala birika halijawahi kupoa.

Leo lilipoa.

Tuseme ukweli, Bevan ni mbishi. Ana miaka sitini na saba, na zile barabara za changarawe za bonde la Meander anazipanda peke yake na baiskeli kana kwamba ana mwili mwingine kaficha kabatini. Alipoanguka mwaka jana na kurudi nyumbani uso umechubuka, Noeline alimshika mkono, moja kwa moja hadi mjini Deloraine, kwenye duka la baiskeli, akachague kifaa cha kumwonyesha alipo. Simu kule mabondeni haishiki mtandao, kwa hiyo lazima kiwe kinachozungumza chenyewe na setilaiti.

Jacinta, binti wa dukani, aliwawekea viwili mezani. Kimoja kidogo kama kiberiti, hakina ramani, kina kitufe kimoja tu chekundu: ukiumia unabonyeza, waokoaji wanakuja. Cha pili kina kioo kipana na ramani, kinahesabu mwendo na mapigo ya moyo, na kinarusha kidoti chako kwenye kishikwambi cha mtu aliye nyumbani. Ila kitufe hakina.

"Chukua cha kitufe," alisema Noeline.

"Hicho ni cha wazee."

"Na wewe ni nani, bwana harusi?"

Jacinta aliinama akicheka. Bevan alikuwa ameshakikamata kile chenye ramani, na ukimjua unajua hapo shauri limekwisha.

"Mke wangu huyu anashinda kitufe," alimwambia binti. "Kidoti kikisimama dakika ishirini, anakuja na pikapu. Kabla ya hapo hapana, asije akanifuata mbele ya wenzangu kama ng'ombe aliyepotea. Tumekubaliana, Noeline?"

Alikubali shingo upande.

Kisha Jacinta akaleta habari ya wezi. Kidoti huonwa na chama kizima cha waendesha baiskeli, na wezi nao hujipenyeza humo humo, wakajua nyumba ipi ina baiskeli ya maana. "Naweza kuwawekea duara la siri kuzunguka kwenu," alisema. "Ukiwa ndani yake, kidoti hakionekani. Tuweke nusu kilomita au moja?" Bevan, ambaye banda lake lilivunjwa msimu wa baridi, alitaka moja. Noeline aliitikia kwa kichwa. Kifaa hakimjui mke wala mwizi, lakini pale dukani hakuna aliyelifikiria hilo, hata yeye.

Saa tisa na nusu alikuwa dirishani. Pancha, alijiambia, atakuwa anaziba pancha. Dakika kumi baadaye alipasha birika upya. Aliogopa. Aliogopa malori ya magogo yanayoshuka mlimani bila kupunguza mwendo, aliogopa moyo wa Bevan, na zaidi ya yote aliogopa ile ramani kwenye kishikwambi, nyeupe, imetulia, haina mtu. Walikubaliana aende kidoti kikisimama. Kidoti kisichokuwepo hawakukizungumzia.

Saa tisa na dakika arobaini na tano alichukua funguo za pikapu. Kama ni kununa, acha anune.

Alikwenda polepole hadi darajani, dirisha wazi, akiita. Hakuna kitu. Akavuka, akaenda mpaka kiwanda cha mbao, akageuza, roho mkononi, akijilaumu kwa kila dakika aliyoipoteza na bado akiipoteza nyingine. Aliporudi darajani ndipo alipoona kwenye tope alama ya tairi nyembamba imekata kushoto, kuelekea njia ya nyuma inayopita kwenye malisho ya jirani. Bevan huipita hiyo upepo ukiwa mkali, na leo ulikuwa mkali, na yeye, mkewe kwa miaka arobaini, hakuufikiria upepo.

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa vizuri kwenye nguzo ya geti. Hilo lilimtisha kuliko kama angeikuta imelala. Bevan mwenyewe alikuwa chali pembeni ya njia, mikono kifuani, miguu imenyooshwa, kama aliyekwisha kulazwa na watu. Noeline alishuka akamkimbilia.

"Usikanyage kwenye nyasi," alisema Bevan, bila kuinua kichwa. "Nyoka. Yule mweusi. Nilishuka nifungue geti, nikamkanyaga."

Alikuwa ameufunga mguu wa kushoto kwa fulana yake, akalala. Kila mtoto wa kule hufundishwa hivyo shuleni: ukiumwa na nyoka usikimbie, usipige hata hatua, maana kutembea kunaisukuma sumu juu. Funga, lala, ngoja watu. Pale alipolala, bomba la moshi la jiko lao lilionekana wazi, mita mia nne tu, na Bevan mbishi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa ametii.

Noeline alitoa bandeji kwenye pikapu akaanza kuuzungushia mguu, kutoka vidoleni kupanda juu. Kope za Bevan zilikuwa zinashuka zenyewe.

"Sikuogopa," alisema, ulimi mzito. "Nilijua unaniona nimesimama. Nikasema, dakika ishirini tu, Noeline huyo. Nikatulia."

Mikono ya Noeline ilisita, kisha ikaendelea kufunga.

"Nilikuona," alisema.

"Saa ngapi sasa? Naona kama muda mrefu."

"Siyo mrefu."

Bevan aligeuza macho kutafuta baiskeli, ambako kifaa kilikuwa kinawaka kwenye usukani. Noeline alimwahi. Alikichomoa akakitia mfukoni.

"Naenda nyumbani kupiga simu. Usisogee."

"Wala sina mpango huo," alisema Bevan, akajaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

Alifungua geti akaliendesha gari kama mwehu. Mwanamke wa huduma za dharura alipokea mara moja, sauti yake haina haraka. Helikopta itakuja, alisema. Mgonjwa ana umri gani? Nyoka wa rangi gani? Anapumua vizuri?

"Na ameumwa tangu lini, mama?"

Noeline alitia mkono mfukoni.

"Mama, upo? Daktari lazima ajue. Muda gani umepita?"

Alikitoa kifaa. Chini ya ramani, kama Jacinta alivyowaonyesha, kilikuwa kimehesabu tangu magurudumu yaliposimama, sekunde kwa sekunde, bila kuruka hata moja.

"Saa moja," alisema Noeline, "na dakika nne."

Upande wa pili vidole vilisikika vikiandika.

"Muda wote huo alikuwa peke yake?"

"Ndiyo," alisema Noeline. "Alidhani namwona."