Milioni Sitini na Moja Zisizopungua

Tangu kompyuta mpya iingie nyumbani kwa Mongia, pesa zilikataa kupungua.

Kompyuta ililetwa na mtoto wa dada yake aliyekuja likizo kutoka Kanada. Akahamisha kila kitu kutoka ile kuukuu, pamoja na programu ya hesabu za nyumbani ambayo Mongia alikuwa akiijaza kila siku ya Mungu, mkate kwa mkate. Fedha za nyumba ile zilikuwa zimetawanyika, nyingine posta, nyingine benki, nyingine kwenye kopo la biskuti kabatini, na mahali pekee zilipokutana ni ndani ya programu ile. Siku kompyuta ilipofika, chini ya ukurasa palisomeka 61,240,500. Mongia akasoma kama ambavyo mtu yeyote wa Sfax, Tunisia, angesoma, yaani milioni sitini na moja na ushei, akaridhika.

Watu wa huko huhesabu kwa milimu, vijisehemu vya dinari ambavyo peke yavyo havinunui tena hata njugu. Dinari moja huiita elfu, na dinari elfu moja huziita milioni. Mgeni akisikia muuza samaki anadai elfu ishirini kwa kilo moja hutafuta pa kukaa. Mwenyeji hutoa noti yake ya dinari ishirini na maisha yanaendelea.

Basi akaja fundi wa paa. Mongia akamlipa dinari elfu moja na mia tisa, akaandika. Milioni sitini na moja zilikuwa pale pale. Akamlipia dada yake meno, akaandika. Zilikuwa pale pale. Ilipofika wiki ya tatu akawa anatawadha kwanza kila anapotaka kufungua kompyuta. Alikumbuka jinsi marehemu mama mkwe wake, siku za mwisho, alivyomshika mkono akamwambia, "Mungu akujazie nyumba yako." Sasa alikuwa akiiona dua hiyo kwa macho yake, kwenye kioo, kwa tarakimu.

Ni kweli kwamba pensheni ya mumewe nayo ilipoingia haikuongeza kitu. Hilo Mongia hakuliuliza. Mtu akishushiwa baraka haanzi kuikagua.

Akafungua mkono. Ijumaa sufuria ya kuskusi ya samaki ikawa kubwa, majirani wakaitwa. Mjane wa ghorofa ya chini akanunuliwa dawa za miezi miwili. Mumewe, Taoufik, karani mstaafu wa bandari, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akizima taa nyuma ya kila anayetoka chumbani, alitazama tu na kutafuna.

"Kuna harusi humu ndani ambayo sijaambiwa?" aliuliza Ijumaa moja.

"Kula, baba Olfa. Mungu katoa."

"Katoa kwa nani? Maana mfuko wangu haujapata habari."

Kisha kaka yake Taoufik, Mondher, akashuka kutoka Marseille kuuza shamba la mizeituni la mama yao. Miti mia moja, milioni sitini. Mtu wa kampuni moja ya mafuta ya zeituni alikuwa tayari kununua. Mondher alisema amezeeka, mama hayupo, hana tena kinachomleta Sfax. Auze, agawe, amalize, kesho apande ndege. Taoufik hakulala usiku ule. Asubuhi akamuuliza mkewe kama wanaweza kulichukua shamba wao wenyewe kwa bei ile, na nusu ya pesa hizo, urithi wake yeye Taoufik, Mondher aitunze isiguswe kwa ajili ya binti yao Olfa. Mongia alijibu bila kupepesa macho, "Tunazo." Taoufik akampa kaka yake neno. Wakakubaliana kukutana kwa mwandika mikataba baada ya alasiri.

Adhuhuri ilipopita, Mongia alikaa mbele ya kompyuta kuandika ununuzi ule mapema, ili aone kitakachobaki. Milioni moja na kidogo, ndivyo alivyotarajia. Aliandika dinari elfu sitini, akaweka nukta, maana kibodi mpya mahali pa mkato ilikuwa na nukta, akaongeza sufuri tatu za milimu, akabonyeza.

Milioni sitini na moja zilikuwa pale pale.

Nywele zilimsimama. Shamba zima, miti mia moja yenye mizizi iliyoshika nchi tangu babu wa babu, limenunuliwa na pesa hazijatikisika! Alisema subhanallah kwa sauti ya chini, akaisema tena. Halafu polepole mshangao ukaanza kugeuka shaka. Baraka huja kwa adabu. Inaongeza mkate, inaongeza mchuzi, lakini haimnunulii mtu shamba bure.

Alimpigia binti yake Olfa, aliyekuwa kazini Tunis.

"Mama, nisomee bei ya mkate wa jana."

"Sufuri, nukta, mia mbili... hapana, ni ishirini. Kompyuta hii bahili wa sufuri kuliko baba yako."

"Na mkate wa kabla ya kompyuta mpya?"

Mongia alipandisha ukurasa. "Mia mbili."

"Mia mbili ngapi?"

"Mia mbili tu. Si ndiyo bei yake?"

Olfa akaanza kucheka, kisha akaacha. "Mama, nenda kwenye mipangilio. Nchi imeandikwa ipi?"

"Marekani. Sasa Marekani wamefuata nini kwenye mkate wangu?"

Olfa akaeleza. Sisi dinari na milimu tunazitenga kwa mkato. Wamarekani kwao mkato ni wa kupambia maelfu tu, kwa hiyo kompyuta iliumeza, na kila dinari ya zamani ikageuka elfu. Alichoandika mama tangu hapo, kwa nukta, kimesomwa sawasawa. "Ya zamani yamesomwa kwa milimu, mapya kwa dinari. Paa lako lilitoa chembe kwenye mlima. Mtu mwingine angeshtuka kuona mamilioni. Wewe uliyasoma kama Msfaksi."

Akamwongoza: atoe nakala kwanza, aweke nchi yetu, aingize upya faili la zamani, kisha mistari ya miezi miwili aigeuze nukta kuwa mkato. Mongia alibonyeza, na mbele ya macho yake miaka kumi na moja ya mikate, shule, mazishi na sikukuu ikajinyoosha kwa pumzi moja. Kidoa kisichozidi kinyesi cha nzi kilikuwa kimeibeba nyumba yake nzima.

Kisha akaanza mistari mipya, na kila mstari ukavuta chini. Paa. Meno. Samaki. Dawa. Alipomaliza, ukiacha shamba, zilibaki milioni hamsini na saba na kidogo.

Pungufu karibu milioni tatu, na mume ameshatoa neno. Alimkuta Taoufik mlangoni, keshavaa shati jeupe, akamweleza yote, hata kutawadha.

Taoufik alisikiliza akiutazama ukuta. "Kwa hiyo ile harusi nimeilipia mimi."

"Nisamehe."

Akatoa simu, akampigia kaka yake, na Mongia akafumba macho kwa aibu.

"Mondher, zimepungua. Milioni tatu hatuna." Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Mongia hakukitambua. "Sitaki unikopeshe. Miti mitano ibaki yako. Jina lako liwe kwenye mkataba pamoja na langu."

Sauti kutoka kwenye simu ilimfikia hata Mongia.

"Mitano ipi?" aliuliza Mondher.

"Chagua."

"Ya karibu na kisima. Pale mama alipokuwa akitandika mkeka." Alikohoa. "Usiiguse, Taoufik. Wewe hukata matawi kama kinyozi mlevi. Novemba nakuja kuivuna mwenyewe."

Taoufik aliweka simu, akakaa kwenye kiti cha mlangoni na shati lake jeupe, akafunika uso kwa viganja. Mongia hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mama yake.

"Anakuja, Mongia," alisema. "Novemba anakuja."