Marahaba ya Mzee Yeremia

Damari alipopanda basi Kahama alikuta njia ya kiti chake cha dirishani imezibwa na wazee wawili. Akasema, "Habari, wazee," kama alivyozoea kwao Burundi, akangoja wampishe. Bibi alisogeza miguu. Mzee hakusogea wala hakuitika.

"Huko kwenu wakubwa hawaamkiwi?" akamuuliza.

"Si nimesema habari, mzee?"

"Habari unampa mwenzako. Mimi sema shikamoo, nikuitikie."

Damari akasema shikamoo. Mzee akaivuta marahaba yake taratibu, kama anayekunywa uji wa moto, ndipo akampisha. Mkewe, Bibi Dorika, akacheka.

"Mzoee tu, mwanangu. Huyu ni Yeremia. Hata mchungaji akimwamkia na kofia kichwani, anakaa kimya."

Siku nyingine Damari naye angecheka. Siku hizi hakuwa na kicheko wala kilio. Mumewe Lazaro, fundi mwashi, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi Singida mjini, na mafundi wenzake wakamzika huko huko, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kumvusha mpaka. Walimtumia picha kwa simu: tuta la udongo, na viatu vya wanaume vimelizunguka. Damari aliitazama, akaiweka simu chini, akaendelea kuchagua maharage. Watu wa nyumbani walimwogopa kwa hilo. Sasa alikuwa anakwenda kuliona kaburi kwa sababu ndivyo mjane anavyotakiwa kufanya. Angeambiwa mjane anatakiwa kwenda sokoni, angekwenda sokoni.

Mzee Yeremia alikaa katikati yao, amevaa koti zito kwenye joto lote lile. Alikuwa anarudishwa nyumbani Kiomboi. Hospitali ya Kahama ilikuwa imemaliza dawa zake zote. Mkewe alilieleza hilo bila kuficha, mwenyewe akisikia. Mzee hakuwa na shida na kufa. Shida yake ilikuwa kufia ugenini, na kila kilipopita kituo aliuliza, "Tumefika wapi?"

"Nzega."

"Bado sana."

Walipoiacha Igunga kichwa chake kikamwangukia Damari begani. Damari akamwacha alale. Mashamba ya pamba yakapita, yakaja ya mpunga, na mzee hakuuliza tena wamefika wapi. Bibi Dorika akaingiza mkono ndani ya koti la mumewe, akauacha kifuani muda mrefu. Kisha akautoa, akamfunga vifungo mpaka juu.

"Amekwenda," akanong'ona.

Damari akamtazama.

"Usipige kelele, mwanangu. Maiti haisafiri bila jeneza na kibali. Wakijua, watatushusha hapa porini, polisi wamrudishe Igunga. Vijana wangu wanatungoja Misigiri, njia panda ya Kiomboi, na gari. Ni kupanda tu mlima wa Sekenke. Mshikilie, nakuomba. Nilimwahidi atafika kwao."

Mtu mwenye akili zake angeruka dirishani. Damari alikuwa mgeni kwenye nchi ya watu, na maiti begani. Alijisikiliza aone kama hofu inakuja. Haikuja. Kilichokuja ni ganzi ya bega tu, nayo ilishuka mpaka kiwikoni.

"Sawa, bibi," akasema.

Shelui basi likasimamishwa. Akaingia afisa wa uhamiaji, kijana mwenye kofia iliyonyooka vizuri. Akaichukua hati ya Damari, akaigeuzageuza, akamrudishia. Kisha macho yake yakatua kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba," Bibi Dorika akajibu haraka.

"Nimemwamkia mzee, bibi. Shikamoo, mzee!"

Watu wakaanza kugeuka. Mzee asiyeitikia shikamoo si jambo dogo. Ama ana kinyongo na wewe, ama ana lake jambo. Kijana akanyoosha mkono amguse. Hapo Damari akasikia sauti yake mwenyewe.

"Afande, vua kofia."

"Unasemaje?"

"Mimi pia alinikatalia, mpaka nilipomwamkia vizuri. Mwenye kofia hamwitikii kabisa."

"Mvulie, afande!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Unafundishwa adabu na mgeni!"

Basi zima likaangua kicheko. Lakini kijana alikuwa amelelewa. Akavua kofia, akaibana kwapani, akainama.

"Shikamoo, mzee."

Damari akapandisha bega, akalishusha. Kichwa cha Mzee Yeremia kikainuka, kikainama polepole, kama cha mtu aliyeridhika.

"Hiyo ndiyo marahaba yake," Bibi Dorika akasema.

Afisa akashuka. Abiria waliendelea kucheka mpaka basi lilipoanza kuzitafuna kona za Sekenke. Damari akangoja aone aibu kwa alichomfanyia marehemu. Nayo haikuja. Katika kila kona alimkumbatia mzee kwa mkono wa pili asianguke, na Bibi Dorika akamshika kutoka upande wake, wakapanda mlima hivyo hivyo.

Misigiri vijana walikuwa wanangoja. Walipomwinua baba yao, konda alimtazama usoni, akamtazama bibi, akaelewa. Alimwashiria dereva azime muziki, akaushikilia mlango mpaka mzee alipotolewa.

Bibi Dorika alikuwa wa mwisho kushuka. Akasimama ngazini.

"Wewe uliyemlaza utakwendaje bila kumtupia udongo?"

"Tiketi yangu ni ya Singida, bibi."

"Nani anakungoja Singida?"

Damari akafikiri.

"Yupo mtu," akasema. "Lakini hana haraka."

Akachukua mfuko wake, akashuka.

Walimzika kesho yake mchana, nyuma ya nyumba yake, watu wengi, nyimbo nyingi. Damari alisimama na wanawake, amefungwa kanga ya kuazima. Zamu yake ilipofika alichota udongo, akautupa. Wanawake wakasogea wamwachie njia arudi. Hakurudi. Akainama tena, akachota mwingine.

"Mwanangu, umeshatupa," Bibi Dorika akamwambia kwa upole.

"Huu ni wa Lazaro."

Bibi Dorika hakuuliza Lazaro ni nani. Aliwazuia waliokuwa nyuma kwa mkono, wakangoja. Damari akautupa. Hakulia. Lakini lile bega, lililokuwa limekufa ganzi tangu jana, likaanza kumuuma.