Niangalizie Kabla Sijachapisha

Kiwandani walimwita Mganga. Kwa miaka tisa aliitunza peke yake tovuti ya kiwanda cha samani, kwa maandishi ya kompyuta ambayo wenzake wakiyaona waliapa kuwa ni hirizi. Picha ya kabati ikipotea, Mganga. Bei ikibadilika, Mganga. Na tusifichane, jina lile alilipenda.

Siku Bi Mkurugenzi alipomwita ofisini, Mganga alimkuta shemeji yake, mdogo wa mkewe, ameshaketi. Binti huyo alifanya kazi mapokezi. Kazi alitafutiwa na Mganga mwenyewe, na alikuwa akiishi kwake.

"Tumenunua kitu kipya cha kutengenezea tovuti," Bi Mkurugenzi alisema. "Hakuna tena yale maandishi yako. Unashika picha, unaiburuta, unaiachia unapotaka. Mfundishe huyu. Siku tatu zinatosha?"

"Zinatosha," akajibu, akidhani anapewa msaidizi.

Alimfundisha kwa moyo mmoja. Shemeji alikuwa mwepesi ajabu. Siku ya pili tu alikuwa akipanga rangi vizuri kuliko mwalimu wake. Siku ya tatu Bi Mkurugenzi akawakusanya maseremala, wapaka vanishi na wauzaji mbele ya skrini ya chumba cha mikutano.

"Haya, tuoneshe, mwanangu. Fungua ukurasa wa wafanyakazi. Mtoe Mganga."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Shemeji naye akacheka kidogo. Kisha akaishika picha ya mume wa dada yake, akaiburuta mpaka kwenye alama ya pipa la taka, akaiachia.

"Nafasi iliyobaki niizibe au niiache wazi?" akauliza.

"Izibe. Umeona, Mganga? Hata dakika haikuisha. Ukitoka, funguo mwachie mlinzi."

Seremala mkuu aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

Nyumbani, shemeji alimfuata sebuleni. "Shemeji, usininunie. Ningefanyaje? Nimeagizwa."

"Sijanuna."

"Basi yaishe," mkewe akasema, akampakulia chakula.

Jumapili mchana binti akamletea kompyuta mapajani. "Ukurasa wa oda nimeujenga upya wote. Niangalizie kabla sijachapisha, shemeji wangu. Nisije nikaumbuka."

Mganga akaukagua toka juu hadi chini. Ulikuwa mzuri, na uzuri wake ukamchoma. Chini kabisa, kwenye namba ya simu ya kiwanda, tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimebadilishana nafasi. Namba ile aliijua kama jina lake. Akaitazama, akaitazama tena.

"Vipi?"

"Kitu safi," akasema. "Chapisha."

Binti akabonyeza, akampigia makofi.

Yaliyofuata alisimuliwa na seremala mkuu kwenye simu. Siku tisa simu ya oda haikulia, na wauzaji wakatukanwa kwa uvivu. Siku ya kumi akaingia mzee mmoja mwenye fimbo, amefura: "Nani anauza vitanda kwa simu yangu? Mke wangu anadhani nina nyumba ndogo!" Bi Mkurugenzi akamsimamisha binti mbele ya wote, akamwamuru aisome namba kwa sauti, tarakimu moja moja. Akamrudisha mwanzo. Akamrudisha tena, mpaka sauti ikakatika. Ndipo akamwambia atoke, asirudi tena.

"Ungekuwepo!" seremala akamalizia, akicheka.

Mganga naye akacheka. Alikuwa bado na kicheko mdomoni binti alipoingia, macho yamevimba.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Nimekuaibisha wewe uliyenifundisha. Nitarudi kwa mama." Akaingia chumbani kukunja nguo.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Si ulimwangalizia?"

"Nilimwangalizia."

"Ukaona?"

Angeweza kudanganya. "Niliona."

Kule chumbani, mikono iliyokuwa ikikunja nguo ikatulia.

"Alinitupa kwenye pipa la taka mbele ya watu!" Mganga akafoka.

"Aliagizwa," mkewe akasema. "Wewe nani alikuagiza?"

Akaenda kumsaidia mdogo wake, kisha akafungua kabati akaanza kutoa nguo zake mwenyewe. Walipotoka, Mganga alinyoosha mkono awapokee begi. Shemeji akalivuta kwake kwa mikono miwili, kama anayemkinga mtoto na mbwa.